Maisha ya Watumishi: Askofu Ajayi Crowther katika Uzee Wake

Katika toleo hili tulikuwa tumekusudia kuandika habari za mtumishi mwingine, lakini jambo lililotokea katika nyumba ya mzee mmoja wa kanisa letu limetufanya tubadili.

Mzee huyu amepita miaka sabini. Ana presha, na tangu miaka michache ana sukari pia. Mjukuu wake wa kike, ambaye amemlea yeye tangu akiwa mchanga, ameposwa na kijana mwaminifu wa kwaya, na wazee wa upande wa kijana walituma neno kwamba wanataka kuja kuleta mahari. Mzee akakataa. Hakumkataa kijana, alikataa siku yenyewe. Alisema mahari hupokelewa na ukoo, na ukoo wake hauko: mdogo wake hajulikani alipo tangu vita vya 1998, mtoto wake wa kwanza amepelekwa Marekani, na wengine wako makaburini ng'ambo ya ziwa. Aonekane ameketi peke yake mkekani akipokea wageni, kama mtu asiye na watu? Heri wangoje mpaka siku ya kurudi nyumbani. Na katika mazungumzo hayo ndipo tulipogundua kwamba vidonge vyake navyo ameviacha, kwa sababu ileile. Haoni faida ya kujiongezea siku ambazo si za nyumbani.

Tulikaa naye jioni nzima, na kusema kweli tulirudi bila kumjibu. Njiani ndipo tukakumbuka somo moja la historia ya Kanisa tulilofundishwa chuo cha Biblia, habari za Samuel Ajayi Crowther, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu katika Kanisa la Anglikana. Kwenye mtihani tuliulizwa mwaka aliowekwa wakfu. Habari za uzee wake hatukuulizwa. Sasa tunaona kwamba uzee ndio sehemu ya maisha yake inayotufaa sisi, maana alizeeka akiwa mtu aliyeng'olewa kwao, na karibu mambo yote makubwa ya familia yake yalifanyika mbali na kijiji alichozaliwa. Tulirudi kwa mzee, tukamsimulia kwa jioni mbili. Tunayoandika hapa ndiyo tuliyomsimulia.

Ajayi alizaliwa Osogun, katika nchi ya Wayoruba, ambayo leo iko ndani ya Nigeria. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa. Watu hukisia 1809, au miaka michache kabla. Wengi wetu tunalielewa jambo hili, sisi ambao kadi zetu zimeandikwa tarehe 1 Januari kana kwamba mama zetu walikubaliana wote kuzaa siku moja.

Mwaka 1821, asubuhi, wanawake wakiwa bado wanapika chakula cha kufungulia kinywa, wavamizi waliuzunguka mji. Baba yake alikuja mbio akawaambia wakimbie, kisha akarudi kupigana, na Ajayi hakumwona tena. Alikamatwa pamoja na mama yake, dada zake na ndugu wengine, wakafungwa kamba shingoni, na mji wao ukachomwa moto nyuma yao. Baadaye walitenganishwa. Kijana aliuzwa kutoka mkono hata mkono. Safari moja alibadilishwa kwa farasi. Alipotambua kwamba anapelekwa pwani kuuzwa kwa Wazungu alikata tamaa hata akataka kujiua usiku, lakini moyo ukamkataza. Mzee wetu alinyamaza kimya tulipofika hapo, nasi hatukumharakisha.

Huko Lagos aliuzwa kwa Wareno. Mwezi Aprili 1822 alipakiwa katika meli ya watumwa, lakini kabla haijafika mbali manowari za Waingereza, ambao wakati huo walikuwa wakiizuia biashara hiyo baharini, ziliikamata. Tarehe 17 Juni 1822 aliteremshwa Siera Leone, nchi ambayo Waingereza waliwaweka humo watu waliookolewa kutoka katika meli. Ndugu msomaji, fikiri mahali hapo palivyokuwa. Watu wa makabila mengi, wenye lugha nyingi, kila mmoja na hadithi yake ya moto na kamba, wamegawiwa nguo na kupangiwa vijiji na serikali ya watu wengine. Hatuhitaji kuwaeleza zaidi.

Kijana alijifunza kusoma kwa bidii kubwa. Alifundishwa pia useremala. Tarehe 11 Desemba 1825 alibatizwa, akachukua jina la kasisi mmoja wa London, Samuel Crowther, lakini Ajayi hakulitupa. Mwaka 1827 akawa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa wa chuo cha Fourah Bay, ambacho kipo hata leo.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo kwa ajili yake tulirudi kwa mzee. Mwaka 1829 hivi, Ajayi alioa. Msichana aliitwa Asano, na ubatizo ukampa jina Susana. Yeye naye aliokolewa kutoka katika meli ya watumwa, akasomeshwa, akawa mwalimu. Je, nani alikuja kumposea Ajayi? Baba yake alikuwa amepotelea vitani. Mama yake, kama yuko hai, hakujua mwanawe yuko nchi gani. Na nani alikaa upande wa Asano? Ukoo wake nao ulikuwa umetawanyika. Wale vijana wawili hawakuwa na wajomba, hawakuwa na mashangazi wa kumfunda bibi harusi, wala mzee wa ukoo wa kuwabariki kwa lugha ya nyumbani. Walikuwa na kanisa, na watu waliookolewa kama wao. Ndoa ile iliyofungwa ugenini ilidumu zaidi ya miaka hamsini. Ilizaa wana na mabinti ambao tutawasikia baadaye.

Hapa mzee alituuliza kama kuna mahari iliyolipwa. Tukamwambia kwamba mahari yenyewe hatuwezi kuisemea, ila kwamba hakuna aliyewahi kusema ndoa hiyo haikuwa ndoa.

Ajayi alifanya kazi ya ualimu, akaenda Uingereza, akawekewa mikono kuwa kasisi mwaka 1843. Halafu Shirika la Misioni la Kanisa, CMS, likaamua kupeleka watumishi katika nchi ya Wayoruba, na yeye akawa mmoja wao. Walifika Badagry pwani mwanzoni mwa mwaka 1845, na ilipofika Agosti 1846 waliingia Abeokuta, mji uliojaa wakimbizi wa vita vilevile vilivyouangamiza mji wake.

Tarehe 21 Agosti 1846, mama yake alikuja kumtafuta. Ilikuwa imepita miaka kama ishirini na mitano. Jina lake lilikuwa Afala. Alikuwa amekonda, na katika miaka hiyo yote alikuwa amekamatwa tena na kuuzwa tena, kisha akakombolewa na watoto wake wengine. Alikuwa na makazi katika kijiji kisicho mbali na Abeokuta, na habari ikamfikia kwamba miongoni mwa wageni yuko mtu anayeitwa Ajayi. Alikuja na mwanawe mwingine. Alipomwona huyu mtu mzima aliyevaa mavazi ya kasisi, akatetemeka, hakuyaamini macho yake. Walishikana mikono wakatazamana, na kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kusema. Machozi yakamtiririka mama mashavuni. Kisha akaanza kumwita kwa yale majina ya utoto ambayo bibi yake alikuwa akimwita, bibi ambaye alikwisha kufa utumwani. Majirani walikusanyika kuangalia. Wao wakaa tu, wakitupiana jicho la upendo mara kwa mara, maneno yakiwa machache.

Sisi tunaoandika tuliuvuka Ziwa Tanganyika tukiwa kijana wa shule, usiku, ndani ya mashua iliyojaa kupita kiasi, na mama yetu akabaki ufukweni kwa sababu nafasi ilikwisha. Tulimpata baada ya miaka mitatu, si ishirini na mitano, na hata kwa hiyo mitatu tulipoonana tulishindwa la kusema, tukamuuliza habari za mbuzi. Kwa hiyo tunayaamini yote Ajayi aliyoyaandika kuhusu siku ile.

Tarehe 5 Februari 1848 mama Afala alibatizwa, mmoja wa wale wa kwanza kabisa Abeokuta. Alipewa jina Hana, kwa kuwa Hana wa Agano la Kale ndiye mama wa Samweli. Mama alikuwa amepita miaka sitini. Kwa kawaida mzazi ndiye humpeleka mtoto kwenye ubatizo na kumchagulia jina. Katika familia hii mambo yalikwenda kinyume: mtoto alitangulia, na mama akapewa jina kwa ajili ya mtoto. Siku kubwa ya familia ilichelewa ikaja kwa mpangilio mwingine, nao wakaipokea hivyo hivyo.

Tuseme sasa habari za afya, maana mzee alikuwa na sukari yake na vidonge vyake, nasi hatukutaka kumzunguka.

Mwaka 1841 Ajayi alikuwa katika msafara wa meli za serikali ya Uingereza uliopanda mto Niger. Homa ikawaingia. Wazungu walio wengi waliugua, na makumi yao wakafa, hata msafara ukavunjika. Alirudi akiwa ameona maziko mengi ndani ya majuma machache. Mwaka 1854 alipanda mto uleule tena, katika meli moja iitwayo Pleiad, iliyoongozwa na tabibu William Baikie. Safari hii tabibu aliwalazimisha mabaharia kunywa kwinini kila siku, wagonjwa na wazima, kabla homa haijaja. Hakufa hata mmoja. Mto ulikuwa uleule, mbu walewale, ijapokuwa wakati huo hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye anayeleta homa. Kilichobadilika ni dawa chungu inayonywewa kila siku na mtu asiyejisikia mgonjwa. Ajayi aliyaona yote mawili kwa macho yake, na hatusikii kwamba alifikiri imani yake ilipungua kwa sababu ya kwinini. Presha na sukari ni magonjwa ya namna hiyo. Vidonge vyake hunywewa siku ambayo kichwa hakiumi.

Mwaka 1857 alianzisha misioni ya Niger, akianzia Onitsha, na watumishi wake walikuwa Waafrika, wengi wao wakiwa watu wa Siera Leone kama yeye, watoto wa waliookolewa. Tarehe 29 Juni 1864, katika kanisa kuu la Canterbury, aliwekwa wakfu kuwa askofu. Alikuwa na miaka hamsini na mitano hivi. Mama Hana alikuwa hai. Mwezi Novemba mwaka huohuo binti yake Abigaili, aliyeolewa na kasisi Thomas Babington Macaulay, mwanzilishi wa shule ya sekondari ya CMS huko Lagos, alijifungua mtoto wa kiume aliyeitwa Herbert. Basi katika mwaka mmoja akawa askofu na akapata mjukuu, na mama yake aliyewahi kuuzwa mara mbili akawa na kitukuu.

Lakini wapendwa, msidhani kwamba alikaa Lagos akihesabu wajukuu. Jimbo lake lilikuwa mtoni, na kwa miaka mingi hakuwa na meli ya misioni, hata ikambidi kusubiri stima za wafanyabiashara. Mwaka 1867, akikaribia miaka sitini, alikamatwa tena. Karibu na Idah mtawala mmoja aitwaye Abokko, aliyekuwa na kinyongo na wafanyabiashara, alimzuia akadai fidia. Alikuwa pamoja na mwanawe Dandeson. Fikirini baba huyu, ambaye alifungwa kamba akiwa kijana pamoja na mama yake, sasa ni mateka akiwa mzee pamoja na kijana wake. Balozi mdogo wa Uingereza aliyeitwa Fell alikwenda kuwachukua, na walipokuwa wakikimbilia mtumbwi mshale wenye sumu ukampata yule balozi, akafa. Baba na mwana walipona.

Miaka mitatu baadaye, 1870, askofu alimwekea Dandeson mikono kuwa mtumishi wa Kanisa. Kijana huyo alizaliwa 1844, wakati baba yake alipokuwa anajiandaa kwa safari ya kurudi katika nchi ya Wayoruba. Mwaka 1876 akawa askidikoni wa Delta, kule Bonny na pande zake, ambako Wakristo walikuwa wakiteswa wakati huo. Kwa mzee wetu tulisema hivi tu: kwamba katika uzee wake Ajayi alikuwa na fimbo ya kuegemea, na fimbo hiyo ilikuwa mtoto aliyefanya kazi ileile karibu naye. Mzee akasema kwamba yeye fimbo yake iko Marekani. Tukakiri kwamba ni kweli. Lakini mjukuu ambaye humpikia kila jioni yuko hapa, tena ndiye anayeomba ruhusa ya kuolewa.

Kuanzia mwaka 1878 misiba ilifuatana. Mwaka huo mkwe wake, kasisi Macaulay, alikufa kwa ndui huko Lagos, akamwacha Abigaili mjane na watoto. Ndui leo haupo duniani, lakini wakati huo uliwachukua vijana na wazee bila kuchagua. Babu alikuwa karibu miaka sabini, na wajukuu yatima.

Mwaka 1880 Susana alikufa. Asano wa meli ya watumwa, mwalimu, mama wa watoto wake, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyeishika nyumba Lagos wakati mume yuko mtoni miezi na miezi. Mwaka huohuo Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimzawadia askofu saa ya dhahabu kwa ajili ya safari zake za Niger. Mara nyingi tumewaza juu ya saa hiyo. Mtu anapewa kitu cha kuhesabia saa wakati ambapo yule aliyehesabu naye miaka hamsini ameondoka. Wajane na wagane wa kanisa letu wataelewa kwamba heshima inaweza kuja siku mbaya.

Na mama Hana alikuwa hai bado. Hapa ndipo maisha ya mzee huyu yanapokuwa tofauti na ya wengi. Alimzika mke kabla ya kumzika mama. Askofu mwenye mvi, babu wa wajukuu wakubwa, aliporudi Lagos alikuwa bado ana mtu wa kumwita Ajayi kama mtoto. Mama alikufa 1883, akiwa amepita miaka tisini. Tangu siku ile ya Abeokuta, Mungu alikuwa amewarudishia miaka thelathini na saba. Ile ishirini na mitano iliyopotea ililipwa na kupita. Mzee alipiga hesabu hiyo kwa vidole, akaturudisha nyuma tuihakikishe.

Katika miaka hiyo ya 1880 kazi ya kuitafsiri Biblia nzima kwa Kiyoruba ilikamilika. Askofu aliianza zamani pamoja na wenzake akiwa kasisi kijana, akaimaliza akiwa mzee. Mtu anayesema kwamba macho yake yamechoka kwa kazi ya Mungu na amfikirie huyu akikagua sura kwa sura kwa taa ya mafuta.

Sasa lililomuumiza zaidi ya maziko. Wamisionari vijana kutoka Uingereza, wengine wenye miaka ishirini na kitu, walikuja mtoni wakaanza kuwachunguza watumishi wa askofu. Yako makosa waliyoyakuta ambayo yalikuwa ya kweli, nasi hatutayaficha. Askofu alikuwa mpole, jimbo lilikuwa kubwa kuliko uwezo wa kulisimamia, na alichelewa kuwaondoa baadhi ya watu. Lakini walihukumu kwa ukali na kwa dharau. Agosti 1890, katika kikao cha kamati ya fedha huko Onitsha, waliwasimamisha watumishi mbele ya askofu wao mwenyewe, na miongoni mwao alikuwa askidikoni Dandeson, mwanawe. Mzee wa miaka themanini na zaidi aliwauliza kama wao peke yao ndio wenye mamlaka. Kisha akajiuzulu kutoka katika kamati ile, akaondoka.

Sisi wakimbizi tunajua jinsi ilivyo kwa mzee kuhojiwa na kijana mwenye daftari, mbele ya watoto wake. Wengi mmeketi kwenye viti hivyo. Kwa hiyo kaka na dada, tunaposoma kwamba askofu hakutukana wala hakutoka katika Kanisa, tusidhani kwamba hakuumia.

Kati ya wale vijana wawili waliokuwa mstari wa mbele, mmoja alikufa mtoni katikati ya 1891 na mwingine mwanzoni mwa 1892, kwa maradhi ya huko. Hatuyaandiki haya kwa kufurahia. Nao walikuwa na mama zao.

Askofu hakurudi nyumbani kufa kwa uchungu. Alitumia nguvu zilizobaki kutafuta pamoja na mwanawe njia ya kuyafanya makanisa ya Delta yajitegemee kwa sadaka zao wenyewe, ili yasivunjike. Katika mwaka 1891 kiharusi kilimpiga. Mwili uliopita homa za 1841, mateka mara mbili na miaka ya kulala kwenye mitumbwi, ukashindwa kutii. Alikufa Lagos tarehe 31 Desemba 1891, siku ya mwisho ya mwaka. Mjukuu wake Herbert, yule aliyezaliwa mwaka wa uaskofu, alikuwa Uingereza akisomea uhandisi tangu 1890, hakuwepo mazishini. Wale miongoni mwenu wenye wajukuu waliopelekwa Kanada na Marekani mtalipokea hilo kwa uzito wake. Herbert Macaulay alirudi, akawa mpima ardhi na mwanasiasa aliyepigania haki za watu wa Lagos, na sura yake imewekwa kwenye sarafu ya naira moja.

Nafasi ya askofu hakupewa Mwafrika; aliletwa Mzungu. Lakini makanisa ya Delta yalisimama chini ya Dandeson tangu 1892, yakijitegemea, na Dandeson aliishi mpaka 1938, mzee kuliko baba yake. Mwaka 2014, ilipotimia miaka 150 tangu siku ile ya Canterbury, Justin Welby, aliyekuwa Askofu Mkuu wakati huo, aliongoza ibada katika kanisa lilelile, ya shukrani na ya toba kwa jinsi mzee yule alivyotendewa.

Lipo jambo moja la mwisho kuhusu kaburi, kwa kuwa wazee wengi hutuuliza watazikwa wapi. Askofu Ajayi hakuzikwa Osogun. Alizikwa Lagos, katika makaburi ya Ajele. Miaka ya 1970 serikali iliyavunja makaburi hayo ili kupata nafasi ya mji, na mabaki ya askofu yakahamishwa, yakawekwa katika Kanisa Kuu la Kristo, pale Marina. Tulipomweleza hilo mzee wetu alicheka kwa mara ya kwanza, akasema kumbe hata mifupa hupata uhamisho.

Ametuomba tutangaze kwamba wageni wa upande wa kijana watapokelewa nyumbani kwake Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Upande wa bibi harusi watakaa wazee wa kanisa wanne na mama wawili wa Umoja wa Wanawake, badala ya ukoo. Mtoto wake wa Marekani atapigiwa simu kwa wakati huo, kama mtandao utakubali. Mwenye viti na vikombe vya kuazima avifikishe Ijumaa jioni. Kuhusu vidonge bado tunasemezana naye; juzi tulimsindikiza zahanati, na muuguzi akasema sukari iko juu na arudi wiki ijayo.